Mizizi na sukari ya damu: kumbukumbu ya mradi, mizani hadi kiporo

Lengo la mradi ni kujua viazi vitamu, muhogo, magimbi na jamaa zao wanapandisha sukari kwa kasi gani, na upishi upi unabadilisha kasi hiyo, kwa vifaa ambavyo mtu anaweza kuwa navyo nyumbani. Vifaa vyenyewe ni mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, kipima sukari na stripu zake, saa, na daftari.

Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) asiingie kwenye mchezo huu wa kufunga na kupima bila daktari wake kujua. Kipimo kikisoma chini ya 4.0 mmol/L, jaribio limeishia hapo. Anywe maji ya sukari na ale.

Uzito

Ulinganisho mwingi wa nyumbani huharibika kwa sababu vyakula vyote vinapimwa gramu 100 kwa 100. Gramu 100 za muhogo wa kuchemsha zina wanga unaomeng'enyeka karibu gramu 33, wakati karoti za kuchemsha za uzito huohuo zina kama gramu 5. Ukilinganisha hivyo unapima wingi wa wanga, si kasi yake. Maabara husawazisha wanga, kwa kawaida gramu 50 kwa kila chakula. Sisi tumetumia 25, maana sahani ya gramu 50 za wanga wa karoti ni karibu kilo nzima ya karoti.

Baada ya kupika, kumenya na kuchuja maji, gramu 25 za wanga zinapatikana takriban hivi: muhogo gramu 75, magimbi 85, viazi mviringo 140, viazi vitamu 165, bitiruti 310, karoti 480. Hiyo namba ya karoti itazamwe vizuri. Orodha ya kwanza ya fahirisi ya glaisemia, yaani namba ya kasi ambayo chakula hupandisha sukari ya damu kikilinganishwa na glukosi, ya David Jenkins na wenzake wa Toronto mwaka 1981, iliipa karoti 92 pale glukosi ikiwa 100, na kwa miaka mingi watu wenye kisukari wakaambiwa waikimbie. Vipimo vya baadaye vimeishusha chini ya nusu ya hapo. Hata ile 92 ingekuwa kweli, nani anakula karibu nusu kilo ya karoti kwa mkao mmoja?

Namba ya viazi vitamu ndiyo inayoyumba kuliko zote. Kiazi cheupe kikavu, kile kinachokaba koo bila chai, kina wanga mwingi kuliko kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa, chenye majimaji. Dawa yake ni kukata gramu 100 za kiazi kilichopikwa, vipande vyembamba, na kuvikausha mpaka mizani isishuke tena. Katika kilichobaki, karibu robo tatu au zaidi kidogo ni wanga na sukari. Kikibaki gramu 22, tumia uzito wa hapo juu. Kikibaki 33, punguza sahani kwa theluthi.

Moto

Hapa ndipo mradi una utamu. Jamaika walipima aina kumi za viazi vitamu kwa upishi tofauti, wakachapisha mwaka 2011: vya kuchemsha vilipata fahirisi 41 hadi 50, vya kuoka 82 hadi 94, na vya kuchoma havikuwa mbali na vya kuoka. Kiazi ni kilekile. Kinachotofautiana ni muda kinaokaa kwenye joto la kati.

Kiazi kitamu kibichi kina kimeng'enya kiitwacho beta-amilasi. Wanga ukishalainika, kuanzia nyuzi 60 na kitu za selsiasi, kimeng'enya hicho huukatakata kuwa maltozi, aina ya sukari, na kikifika karibu nyuzi 80 kinakufa. Kiazi kizima kilichovumbikwa kwenye majivu ya moto hupanda taratibu, kwa hiyo kimeng'enya kinapata muda mrefu wa kazi. Ule utomvu unaotoka na kuganda mweusi kwenye ganda ni sukari iliyotengenezwa humohumo. Vipande vilivyotumbukizwa kwenye maji yanayochemka hupita eneo hilo upesi.

Kwa hiyo kanuni ya sufuria: menya, kata vipande vya sentimita mbili, subiri maji yachemke kwelikweli ndipo utie, kisha dakika 12 hadi 15. Epua uma unapopita huku kipande bado kinashikana. Kuanza na maji baridi kunarudisha kosa la majivu kwa kiasi fulani. Kuponda nako kunaongeza kasi, kwa kuwa tumbo limepunguziwa kazi.

Kidole na saa

Kufunga ni saa 10 hadi 12, na chakula cha usiku uliotangulia kiwe cha aina moja kila mara. Maharage ya usiku yanaweza kushusha mwitikio wa asubuhi, na bila kulijua hilo utampa muhogo sifa isiyo yake. Saa inaanza kuhesabu kwenye tonge la kwanza, sahani iishe ndani ya dakika 12, na vipimo vichukuliwe dakika 0, 15, 30, 45, 60, 90 na 120. Katika saa hizo mbili kaa tu; hata kutembea dukani kunashusha namba.

Mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabla ya kila kutoboa. Utomvu wa kiazi ukibaki kidoleni, stripu itasoma sukari ya kiazi badala ya ya damu. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole na usikamue kwa nguvu, kwani majimaji ya mwilini huchanganyika na tone la damu na kulizimua. Ukanda wa pwani, unyevu ni adui mkubwa: kopo la stripu lifungwe papo hapo.

Kipimo cha kulinganishia ni glukosi gramu 25 katika maji mililita 250. Poda ya glukosi mara nyingi ina maji ndani yake, na hiyo hupimwa gramu 27.5. Irudie siku mbili tofauti au zaidi, kisha chukua wastani.

Mfano wa hesabu, kwa namba za kubuni: 5.0, 6.2, 7.4, 7.8, 7.2, 6.0, 5.2. Toa 5.0 kwenye kila moja, chukua wastani wa kila jozi inayofuatana, zidisha kwa dakika zilizo kati yake: 9 + 27 + 39 + 37.5 + 48 + 18 = 178.5. Hilo ndilo eneo la chakula, yaani eneo lililo chini ya mchoro wa kupanda kwa sukari. Gawanya kwa eneo la glukosi lililopatikana kwa njia hiyohiyo, zidisha kwa 100, na hiyo ndiyo fahirisi. Namba ikishuka chini ya ile ya mwanzo, sehemu hiyo ya chini haihesabiwi.

Usishindane kwa tofauti ndogo. Kiwango cha kimataifa cha 2013 kinaruhusu kipima sukari kukosea asilimia 15 juu ya 5.55 mmol/L, na mwili wa mtu yuleyule kwa chakula kilekile hutofautiana siku hadi siku. Tofauti ya 82 na 45 inaonekana kwa vifaa hivi, lakini ya 60 na 54 haionekani.

Kiporo

Viazi mviringo vilivyochemshwa, vikapoa na kulala kwenye friji usiku kucha, hupata wanga sugu (usiomeng'enyeka kirahisi) zaidi, na sehemu yake hubaki hata ukivipasha. Punguzo lipo ila ni la wastani. Siki au ndimu ya kwenye kachumbari husaidia pia. Viingie kwenye friji ndani ya saa mbili, visiachwe mezani.

Chipsi, pamoja na chipsi dume (za muhogo), hudanganya saa. Mafuta huchelewesha tumbo kujimwaga, kilele kinasogea mbele, na jedwali la dakika 120 linaonyesha mteremko wa heri. Hapo ongeza vipimo vya 150 na 180.

Kinachofuata ni bada, ugali wa unga wa muhogo. Uzito wa ugali uliopikwa hauna maana kwa sababu ya maji, kwa hiyo unga upimwe ukiwa mkavu: kama gramu 31 kwa wanga wa 25, utokane na makopa (vipande vya muhogo mkavu) yaliyokauka barabara, upite chekeche moja kila mara, na maji ya kusongea yawe ya kipimo kimoja.