Nilivyoilaza miti yangu ya epo hapa Newala

Nilipohamia Newala kutoka Njombe nilikuja na miche minne ya epo iliyobebeshwa, yaani kijiti cha aina moja kimeungwa juu ya shina la nyingine, mizizi nimeifunga kwa gunia bichi. Naandika epo makusudi, maana huku pwani ukisema tofaa watu wanafikiria lile tunda jingine la majimaji.

Mwaka wa kwanza niliilisha kupita kiasi. Ikidorora kidogo, samadi. Aprili, mvua zinakatika, nikaongeza na urea. Ikachipua majani laini Mei nzima. Juni ikaja na ukungu wake wa asubuhi, nikangoja yapukutike kama nyumbani. Wapi! Matawi yalirefuka kama fimbo, majani yamebaki nchani tu, huku chini macho yote, yale machipukizi madogo ya tawini, yamefumba. Kiangazi kile miwili ilikufa, na niliilia.

Mzee jirani, mwenye mikorosho, ndiye aliyeniambia: "Mwanangu, mti huu tangu ufike haujalala. Wewe unaulisha tu."

Alisema kweli. Epo hupukutisha majani na kupumzika, ndiko kulala kwake, kisha hutaka baridi ya chini ya nyuzi 7 kwa mamia ya saa ndipo macho yake yafunguke kwa pamoja. Aina nyingi hutaka zaidi ya saa 800. Anna na Dorsett Golden huridhika na 300 hivi au pungufu, na bahati yangu ndizo zilizobaki, tena huchavushana. Lakini hata hizo saa 300 Newala haina. Wakulima wa Batu, Indonesia, ambako pia hakuna baridi ya kutosha, huilaza miti yao kwa kuivua majani, nami nikaamua hivyo.

Mbolea nilisimamisha Februari. Mei nikaacha kumwagilia, jambo rahisi kwetu tunaonunua maji kwa dumu. Katikati ya Juni nikashika mkasi. Jani usilivute, litachuna gome na kung'oa jicho lililo kwapani. Nililikata nikaacha kikonyo, nacho kikaanguka chenyewe siku chache baadaye. Kila mti ulinichukua asubuhi mbili. Matawi yaliyosimama nikayainamisha kwa kamba za katani mpaka yakakaribia kulala.

Kungoja ndiko kulikonitesa. Mti u uchi, mkono unaniwasha nitie samadi, nikajizuia. Wiki ya tatu macho yakavimba, yakatoa manyoya meupe kama ya kifaranga, tena mpaka chini kabisa ya tawi. Hapo ndipo nikaipa maji, madumu mawili kila mti, na ndoo ya samadi ya mbuzi iliyooza, mbali na shina. Mbolea ya dukani ya NPK niliiweka kidogo matunda yalipofikia ukubwa wa karanga.

Anna ulinipa 19, Dorsett 11. La kwanza kuiva nilimpelekea mzee. Alilikata kwa kisu, mbegu akazifunga kwenye karatasi. Nikamwambia hazitazaa tunda kama lile, ila azipande tu. Miche ikinenepa kama penseli nitambebeshea Anna juu yake.