Tatu au nane: kinachopotea projekta inaponyoosha picha yenyewe

Swali lililonifanya niandike haya liliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha pili anayekaa dawati la nyuma kabisa: “Mwalimu, hicho kipeo ni tatu au nane?” Nilikuwa nimeonyesha mazoezi ya vipeo, zile tarakimu ndogo zinazoandikwa juu kando ya namba, kwenye shuka jeupe tulilolitundika mbele ya ubao, na kutoka pale niliposimama, hatua mbili tu kutoka kwenye shuka, niliona wazi kwamba ilikuwa tatu. Nilitembea hadi nyuma, nikainama kando ya dawati lake, na mimi mwenyewe nikashindwa kuwa na hakika. Kwenye kompyuta tarakimu ile ilikuwa kali na safi. Kasoro ilikuwa imeingia njiani, kabla mwanga haujafika kwenye shuka.

Projekta yetu ni mpya, mojawapo ya zile ndogo zinazojirekebisha zenyewe. Unaiweka juu ya dawati na kuiwasha, nayo inaonyesha michoro ya majaribio kwa sekunde chache, kisha picha iliyokuwa imepanuka juu na kubana chini inajinyoosha na kuwa mstatili. Walimu wote tuliipokea kwa furaha, kwa sababu ile ya zamani tuliiwekea vitabu chini ya miguu kila asubuhi na bado picha ilikaa upande. Lakini baada ya swali lile nilibaki darasani wakati wa mapumziko, nikaizima huduma ya kujirekebisha, nikachukua tepu ya fundi na kuanza kupima.

Lenzi ilikuwa sentimita 75 kutoka sakafuni na mita 2 kutoka kwenye shuka, nayo imeinuliwa kwa takriban nyuzi 20 ili picha ionekane juu ya vichwa vya wanaokaa mbele. Upana wa picha upande wa juu ulikuwa sentimita 174, na upande wa chini 149. Sababu yake mwanafunzi wa jiometri anaweza kuieleza: mwanga unaokwenda juu husafiri mbali zaidi kabla ya kugonga shuka, na kadiri unavyosafiri ndivyo unavyotanuka, kwa hiyo mstatili uliomo ndani ya kifaa unafika ukutani ukiwa trapeza. Kwenye menyu marekebisho haya huandikwa Keystone, jina ambalo kwa Kiingereza ni la lile jiwe la katikati ya tao, lililo pana juu na jembamba chini, na umbo la picha yetu lilikuwa hilohilo.

Sasa, kifaa hakina uwezo wa kuuzuia mwanga usitanuke. Kinachofanya ni kuipotosha picha mapema, kwa kinyume. Safu za juu hubanwa ndani ya kifaa ili zikishatanuka njiani ziwe sawa na za chini. Projekta yetu ina pikseli, yaani vile vinukta vidogo vinavyoijenga picha, 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, na kwa vipimo vyangu safu ya juu ya picha iliyonyooshwa inabaki na pikseli 1,680 hivi, huku sehemu nyingine ya kimo nayo ikiachwa bila kazi ili uwiano wa pande usiharibike. Nilipokokotoa yote, nilikuta kwamba karibu moja ya sita ya pikseli zote, yaani zaidi ya laki tatu, zimezimwa. Na hazizimiki kabisa, kwa kuwa katika projekta za aina hii mwanga kidogo huvuja hata pale panapopaswa kuwa giza, iwe kifaa kinatumia paneli za kioo kimiminika au chipu ya vioo vidogo aliyoibuni Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987. Ndiyo maana katika chumba chenye giza unaona fremu ya kijivu kuuzunguka mstatili wako. Fremu hiyo ni zile pikseli ulizozilipia, zinazokaa bure.

Hata hivyo, upungufu wa idadi siyo uliomtatiza mwanafunzi wangu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba pikseli zilizobaki hazilingani tena moja kwa moja na zile za kompyuta. Mstari mwembamba mweusi uliokaa juu ya pikseli moja sasa unaangukia kati ya mbili, na kifaa, kwa kuwa hakiwezi kuipasua pikseli, kinazipaka zote mbili rangi ya kijivu. Katika picha ya mandhari hakuna atakayegundua. Katika kipeo chenye kimo cha pikseli kumi na kitu, upande wa kushoto wa tatu unajaa kijivu na tatu inafanana na nane. Tena madhara haya hayasubiri mwinamo uwe mkubwa, kwani hata marekebisho ya nyuzi moja tu yanatosha kuifanya picha nzima ichorwe upya. Anayetaka kuhakikisha atengeneze ukurasa wa mistari myembamba, mmoja mweusi na mmoja mweupe kwa kupokezana, kila mmoja wenye unene wa pikseli moja, kisha auonyeshe kwa ukubwa kamili bila kuupunguza wala kuukuza. Marekebisho yakiwa sifuri mistari inatulia. Yakiwashwa, mawimbi yanatokea juu yake.

Nimejaribu pia kuelewa kifaa kinajuaje kwamba kimeinama, maana humo ndimo inamoonekana mipaka ya akili yake. Kwa mwinamo wa juu na chini hutumia kihisi kidogo kinachopima mvutano wa dunia, kama kile kinachoifanya simu igeuze picha unapoilaza. Ni timazi ya mwashi iliyofichwa ndani ya chipu. Timazi inajua wima, lakini haijui chochote kuhusu ukuta, kwa hiyo kifaa kinachoitegemea peke yake kinachukulia kwamba ukuta umesimama wima. Shuka letu, lililofungwa kwenye boriti na kuachwa lining’inie, halikuwa wima, na mstatili ulioahidiwa ulibaki na kasoro. Vilevile mvutano wa dunia haubadiliki ukikigeuza kifaa kushoto au kulia, na kwa upande huo timazi haina msaada wowote.

Hapo ndipo inapohitajika kamera. Kifaa kinarusha michoro kinayoijua, kamera inaitazama ilivyoangukia, na kutokana na mahali zilipo kona nne, kila kona ikiwa na namba mbili, zinapatikana namba nane zinazotosha kueleza jinsi bapa moja linavyogeuka kuwa jingine. Ni hesabu nzuri, na natamani siku moja kuifundisha darasani. Lakini inahitaji kamera ione vizuri. Jua la saa nne asubuhi likiingia dirishani, michoro inafifia. Shuka likipeperushwa na upepo wakati kamera inatazama, kona zinasomwa mahali pasipo pake. Kisha mwanafunzi akipita na kuligusa dawati, kihisi kinadhani kifaa kimehamishwa, somo linatoweka na upimaji unaanza upya huku wanafunzi arobaini wakisubiri.

Zipo projekta zinazoweza kuhamisha lenzi yenyewe kwenda juu au chini huku paneli ikibaki sambamba na ukuta. Mstatili unatoka ukiwa mstatili na hakuna pikseli inayopotea. Ningeulizwa kabla ya kununua, ningeomba hiyo hata kama ina akili kidogo kuliko hii. Yetu haina, kwa hiyo nilimwomba fundi seremala atutengenezee nguzo nyembamba ya mbao yenye kimo cha sentimita 145, inayosimama kwenye ujia kati ya madawati, ili lenzi iwe usawa wa katikati ya picha. Juu yake tunaweka pima maji kabla ya kuwasha. Chini ya shuka tumefunga ubao mzito ili lisimame wima, na sakafuni tumechora alama ya rangi nguzo inapokaa. Wanafunzi wawili walio karibu na nguzo wanazibiwa kidogo, nao tumewasogeza.

Siikatai huduma ile. Jioni tukionyesha filamu uwanjani, kifaa kikiwa juu ya tofali na ukuta ukiwa wowote uliopatikana, naiwasha. Kwa somo lenye tarakimu naizima, kisha naingia kwenye menyu kuhakikisha kwamba namba za wima na za mlalo zote ni sifuri. Huwa narudia ukaguzi huo kila umeme unapokatika na kurudi, kwa sababu projekta yetu ikiwaka upya inairudisha huduma hiyo bila kuuliza.