Siku moja maishani mwangu: sanduku tupu

Saa 11:00 alfajiri. Nimeamka kabla simu haijalia, kama kawaida ya siku za kupiga picha za filamu ninayoiongoza. Leo tuna sini moja tu, yaani tukio moja la filamu: kijana anaondoka nyumbani na sanduku lake, baba yake amekaa dirishani, hawaagani. Kwenye skripti ni kurasa mbili na nusu. Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo watu zaidi ya 20 watahangaika kutwa nzima kwa ajili ya dakika mbili na nusu. Ndugu zangu hadi leo wananiuliza kazi yangu hasa ni nini.

Saa 12:30. Njiani napitia michoro yangu. Mwongozaji Hitchcock alisifika kwa kuchora filamu nzima kabla ya kushika kamera. Mimi huchora pia, ila nikifika eneo la kazi naiacha karatasi kwenye gari. Nikiishika, namtazama mwigizaji kama mtu aliyechelewa kufika kwenye mchoro wangu.

Saa 1:15. Mpiga picha na mimi tunabishana juu ya lenzi. Nataka tumwibie mbinu mwongozaji Sidney Lumet. Katika 12 Angry Men ya mwaka 1957, filamu ya wanaume 12 wanaobishania hukumu ya kesi ndani ya chumba kimoja, alianza na lenzi pana inayoonyesha nafasi kubwa, kisha akazidi kutumia lenzi ndefu zinazosogeza vitu karibu, huku kamera ikishuka, hata kile chumba kikaonekana kinawabana wale watu. Mpiga picha ananijibu kwamba Lumet alikuwa na filamu nzima ya kukibana chumba, sisi tuna mlango na dirisha. Ana haki yake. Tunakubaliana lenzi mbili.

Saa 3:00. Mazoezi bila kamera. Hapa pia mwalimu wangu ni Lumet, aliyekuwa akifanya mazoezi na waigizaji kwa wiki kadhaa kabla ya kupiga picha. Mimi nimepata siku mbili. Kijana ametoka jukwaani na sauti yake bado inamtafuta mtazamaji wa kiti cha mwisho. Namsogelea na kumwambia, "Msemeshe mzee tu. Kamera itasikia yenyewe."

Saa 4:20. Klapa, kile kibao cha kuanzishia picha, inalia. Teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza kuipiga sini, kijana analia. Ya pili analia zaidi. Ya tatu namweleza kuhusu huzuni, ya nne namweleza kuhusu utoto wa mhusika wake, na kufikia ya tano nasema mpaka mimi mwenyewe najichosha. Kila mara anapita mlangoni vizuri, anageuka vizuri, na simwamini.

Ndipo mzee anayecheza baba anainuka dirishani, anakwenda polepole hadi mlangoni na kulinyanyua lile sanduku kwa kidole kimoja.

"Mwanangu," ananiambia kwa sauti ya chini, watu wasisikie, "hili halina kitu."

Nimemhangaisha mtoto wa watu saa nzima kwa maneno ya huzuni, kumbe kilichopungua ni kilo. Tukajaza vitabu hadi kifuniko kikagoma kufunga. Teki ya sita bega la kijana likashuka upande mmoja, mlangoni ikambidi abadilishe mkono, na katika kubadilisha mkono macho yake yakapita kwa baba. Machozi hayakuwepo kabisa. Nikasema kata, nikawa sina la kuongeza.

Saa 7:30. Mapumziko, na ubishi wa kila siku: teki ngapi zinatosha? Mwongozaji Kubrick aliweza kurudia makumi ya mara. Mwenzake Bresson alichukua watu wasio waigizaji, akawarudisha na kuwarudisha hadi uigizaji wote ukawatoka. Clint Eastwood, naye mwongozaji, husifika kwa kuridhika na teki moja au mbili, nami nadhani ni kwa sababu ni mwigizaji pia na anajua uchovu unavyoonekana usoni. Zamani nilikuwa upande wa Kubrick. Ujana ulinidanganya kwamba ukali ndio kipaji.

Kilichonitoa huko ni kazi ya zamani nikiwa msaidizi. Mwongozaji alimtukana binti mmoja mbele yetu sote hadi akabubujikwa, kisha akapiga kelele kamera iwashwe. Machozi aliyapata. Lakini kwenye monita kila mtu aliona: binti hakuwa akimtazama mwigizaji mwenzake, alikuwa akimtazama mwongozaji. Sini ile ilikatwa.

Saa 10:00. Mtu wa sauti anaomba ukimya wa sekunde 30 arekodi chumba kikiwa kimya. Wote tunaganda. Napenda sekunde hizi kuliko zote za siku, maana hakuna anayeniuliza kitu.

Saa 1:30 usiku. Kwa mhariri. Anaweka uso wa mzee dirishani baada ya picha ya mlango uliofungwa, na mzee anaonekana kuvunjika moyo. Anauhamisha uleule uwe kabla ya mlango, sasa mzee ana kiburi. Mwongozaji Kuleshov wa Urusi alilionyesha hili zamani kwa uso mmoja uliounganishwa mara na bakuli la supu, mara na jeneza, lakini kila nikiliona nashangaa upya. Namuuliza mhariri uso huu umetoka teki gani. Ananionyesha: mzee hakuwa akiigiza chochote, alikuwa akimsikiliza kijana anavyohangaika na sanduku. Sentensi yake pekee katika sini, ile niliyoiandika upya mara tisa, tunaifuta.

Saa 4:00 usiku. Nimeshajilaza nikakumbuka kwamba kesho kijana anashuka kwenye basi na sanduku lilelile. Nimemwandikia msaidizi: vitabu visitolewe.