Tambara kwenye tundu la plagi

Leo zimetimia wiki mbili tangu nianze kupigana na hii mashine ya boti, na mikono bado inanuka oili hata baada ya kuoga mara mbili, so naandika kabla sijasahau.

Ni mashine ya hosipawa 15, silinda mbili, ile ya kuchanganya oili na petroli. Imekaa miezi saba chini ya turubai. Siku ya kwanza nimevuta kamba ya kuwashia, kamba haiji. Nikaweka frii, nikavuta na mwili mzima, nusura nianguke mimi. Braza akachungulia, akasema hiyo ishanoki tafuta nyingine, akaenda zake. Na mimi nikawa naitikia tu, eti ndiyo, mashine yenyewe mzee.

Lakini kunoki kuna aina zake bwana. Inawezekana ni kamba tu imejam kwenye kifuniko chake, basi nikafungua kifuniko nikashika flaiwili, lile gurudumu zito la juu linalozunguka na mashine, kwa mikono, wapi. Inawezekana pia shida iko chini kwenye giya, maana hata ikiwa frii ule mti mrefu wa katikati bado unazunguka na pampu ya maji. Nikashusha mguu wote wa chini. Flaiwili bado imeganda vilevile. Kwa hiyo ni pistoni. Ila kushusha mguu hakukuwa kazi bure, impela ya mpira, ile inayosukuma maji ya kupoozea, nimeikuta mabawa yamelala upande mmoja yamekuwa magumu kama ganda la nazi, hata kama ingewaka siku ile ingechemka tu.

Nikaja kwenye plagi sasa, zile za kutoa cheche ndani ya silinda. Ya juu ikatoka vizuri. Ya chini haipo. Mahali pake kuna tambara.

Nikakaa chini kidogo. Ni mkono wa fulana yangu ya bluu. Nikakumbuka kabisa, niliitoa ile plagi nikaisafishe, nikaziba tundu na tambara nikasema narudi sasa hivi, halafu sikurudi miezi saba. Na mashine ilikuwa imeinuliwa, na ikiinuliwa matundu ya plagi yanaangalia juu, turubai lilikuwa na tobo, mvua ikaingia, tambara likanyonya maji likawa linayadondosha taratibu juu ya pistoni. Ringi, zile pete za pistoni, zikashikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Sasa hapo umri wa mashine unahusika wapi?

Dawa nimechanganya mwenyewe, nusu asetoni nusu oili ya giya za otomatiki, nje kwenye hewa na mbali na moto kabisa maana asetoni haina utani. Nikamimina kote kuwili. Silinda ya juu ikameza yote, pistoni yake ilikuwa imeshuka na matundu ya pembeni ya silinda yako wazi, ikapitiliza. Ya chini ikatulia juu ya pistoni, ndipo nilipokuwa napataka. Halafu kusubiri. Kusubiri ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kila jioni naongeza dawa, naweka spana ndefu kwenye nati ya flaiwili, naibana kuelekea kulia taratibu, nasikiliza. Siku ya tatu nilichukua nyundo. Nikairudisha. Flaiwili ina sumaku kwa ndani, ukiigonga zinaweza kuachia, na hapo ungekuwa na mashine inayozunguka lakini haina moto wa plagi.

Siku ya tano ikasogea. Upana wa ukucha hivi, si zaidi, ila nilipiga kelele kama nimefunga goli. Kuanzia hapo ni mbele nyuma mbele nyuma, nyuma naizungusha kwa mikono tu nisije nikafungua nati, na kwa kuwa mguu ulikuwa umeshatolewa sikuwa na hofu ya kuvunja impela. Ilipomaliza mzunguko mzima dawa iliruka kutoka kwenye tundu la plagi ikanipata shati zima.

Ningeweza kuiwasha hapohapo lakini vumbi la kutu linakula ringi, so nikafungua hedi, kile kifuniko cha silinda. Bolti moja ikakatika, chumvi ilikuwa imeila. Zilizobaki nikazipasha moto kwanza, baada ya kusafisha ile dawa yote, zikatoka. Ile iliyokatika imenichukua siku mbili na sitaki kuizungumzia. Ukutani mwa silinda kulikuwa na alama ya duara pale maji yalipokaa, nikaipitisha msasa laini wenye oili mpaka ukucha ukawa haukwami tena.

Gasketi mpya, impela mpya. Nikapima kompresheni, yaani silinda zinabana hewa kiasi gani, juu psi 110, chini 95. Tofauti inatakiwa isizidi kama asilimia 10, kwa hiyo najua kabisa silinda ya chini inataka ringi mpya na najua naahirisha.

Leo jioni nimeitia kwenye pipa la maji, oili nimeongeza mara mbili ya kawaida kwa tenki hili la kwanza. Mvuto wa saba ikakohoa. Wa tisa ikashika, moshi ukafunika kila kitu, na kale kamkojo ka maji ya kupoozea kakatoka, kembamba kwanza halafu kakanenepa. Braza aliposikia mlio akaja mbio, anauliza ilikuwa na nini kumbe.

Nikamwambia kutu.