Kipande cha nne

Nina wiki ya sita tangu nirudi Unguja, baada ya miaka 11 ya London, na kila ninayekutana naye ananiuliza nilikuwa nakumbuka nini zaidi. Nilikuwa najibu bahari, nikajibu adhana, nikajibu embe. Ijumaa iliyopita, mezani, ndipo nilipolijua jibu lenyewe.

Binti wa kaka yangu ndiye aliyetutoa. "Shangazi, twende, siku hizi watu wote wanakwenda pale." Mkahawa uko Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya zamani yenye ua wa ndani, meza hazizidi 10. Hawaweki nafasi kwa simu. Unafika, unaandikwa jina, unakaa barazani mpaka uitwe. Tulikaa karibu saa nzima. Mama yangu ana miaka 74 na hajapata kulipia chakula anachojua kukipika mwenyewe. Alikaa na mkoba wake mapajani, akiitikia shikamoo za wapita njia, hakusema neno.

Mie kungoja hakukunichosha. London nilihudumia meza kwa miaka saba katika mkahawa wa namna hiyo hiyo, wa sahani ndogo ndogo. Mtindo huo nilipoukuta ulikuwa umeshapamba moto. Siku yangu ya mapumziko nilikuwa nakwenda Soho, mtaa wa Frith, kupanga foleni Barrafina, mkahawa wa Kihispania uliofunguliwa 2007. Siku hizo hapo pia hakukuwa na kuweka nafasi. Unakaa kwenye stuli mbele ya kaunta na jiko liko usoni kwako, unaona kila anachofanya mpishi. Mpishi mkuu wa siku hizo, Nieves Barragán Mohacho, ni mwanamke wa Kibasque, watu wa kaskazini ya Hispania, aliyetoka kwao akiwa kijana. Mwaka 2018 yeye na mwenzake wakafungua mkahawa wao, Sabor. Nilimpenda bila ya kumjua. Mtu aliyehama na chakula cha kwao, akakaa nacho ugenini mpaka wenyeji wakakipangia foleni, kwangu huyo ni mtu mkubwa.

Vyakula hivyo huitwa tapas. Siku nilipoambiwa kwamba tapa kwa Kihispania ni kifuniko, nilikuwa na trei mkononi, na papo hapo nikaiona kawa ya mama. Ile kawa ya ukili, yenye rangi nyekundu na zambarau, iliyokuwa ikifunika sahani ya futari ninayotumwa nayo kwa jirani kabla ya magharibi. Leo kachori nne, kesho tambi, keshokutwa muhogo wa nazi. Na sahani ya jirani hairudi tupu.

Kazini kila meza nilikuwa naisomea maneno yale yale: sahani zetu ni za kula pamoja, chukueni tatu au nne kwa kila mtu, zitakuja kadiri zinavyoiva. Wanakula, wanafurahi, wanasifu. Lakini kipande cha mwisho hubaki. Marafiki wa miaka mingi wanakitazama, huyu anamwambia yule chukua, yule anasema hapana, chukua wewe, mwisho nakuja mie nakiondoa, nakwenda kukimwaga. Miaka saba nimemwaga vipande vya mwisho. Sikuwahi kuwalaumu, ni adabu yao. Ila kila nilipokwangua sahani ile jikoni nilikuwa naumia, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwa nini.

Basi tukaitwa, tukakaa. Kwanza zikaja kachori ndogo, ukubwa wa ndimu, ndani zimetiwa papa mkavu aliyechambuliwa, pembeni achari ya embe. Chumvi ya papa inakutana na kiazi kilaini, halafu embe inakata. Mama akala moja, akaipindua ya pili kuangalia rangi yake chini. Hiyo kwake ni heshima.

Halafu pweza. Amechemshwa mpaka akalainika, kisha akapitishwa juu ya makaa ya moto mkali, akapakwa ukwaju uliopikwa na sukari guru, akalazwa juu ya tui zito lililotiwa bizari. Vile vikombe vyake vya mkononi vimeungua ncha, vinakwaruza kidogo kwenye meno. Tulikuwa watatu, vipande vinne. Tukala kimoja kimoja. Nilikuwa nazungumza na mtoto, sikutazama sahani, na nilipoinamisha macho kipande cha nne kilikuwa kimeshafika upande wangu. Mama amekisukuma kwa kidole, kama alivyokuwa akisukuma nyama kwenye sinia tulipokuwa wadogo, huku akiangalia kwengine kabisa.

Hicho ndicho nilichokuwa nakikumbuka. Nilikula nikashindwa kuzungumza kwa muda, na mtoto wa watu akadhani ni pilipili, akanisogezea maji.

Urojo wao umenipendeza kuliko nilivyotarajia. Bajia, viazi, mishkaki na chatne ya nazi vinakuja vikavu kwenye kibakuli, na rojo lenyewe linakuja ndani ya birika ndogo, unajimiminia. Kwa hiyo chipsi za muhogo zinabaki kavu mpaka kijiko cha mwisho. Najua wako watakaosema urojo ni wa kusimama kibarazani na bakuli la plastiki, na mie huo naupenda pia. Lakini aliyefikiria birika ile ameula urojo tangu utoto, na anajua ladha yake inapoanza kupotea.

Kilichonitatiza ni bokoboko, ile ngano inayopikwa na nyama ikapigwa mpaka vikawa kitu kimoja. Lilikuja kijiko kimoja kimoja, kila mtu na kisahani chake, juu kitunguu kilichokaangwa na tone la samli. Ladha ilikuwepo. Lakini bokoboko ni chakula cha sikukuu na harusi, hupikwa kwa sufuria inayotaka watu wawili kuiinua, na sijapata kuliona likigaiwa kwa kipimo. Nilisema hivyo kwa sauti. Mama hakunijibu. Alikuwa akilinyanyua kwa kijiko na kuliachia, mara mbili, mara tatu. Akamwita mhudumu, akamwomba amwite mpishi.

Akatoka kijana, aproni imejaa unga, lafudhi ya Pemba. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hili umelipiga kwa mwiko au kwa mashine?"

"Mashine, bibi. Tuko wawili tu jikoni."

"Samli umeijua. Chumvi umeijua. Lakini bokoboko hupigwa mpaka likavutika. Lako linakatika. Tazama." Akalinyanyua tena, na kweli, likakatika.

Nikaogopa kijana ataona haya mbele ya wateja. Yeye akachutama pembeni ya kiti cha mama, akalitazama lile bokoboko kama anaonyeshwa jeraha. Akauliza ngano inarowekwa kwa muda gani, nyama inaingia lini, na moto uwe vipi. Mama akamjibu yote, kwa utaratibu, mkono wake mmoja begani mwa kijana. Meza ya pili wakanyamaza wasikilize. Mwisho kijana akasema, "Bibi, Jumatatu tunafunga. Nikija kukuchukua utakuja kunionyesha?"

Juzi ilikuwa Jumatatu. Saa mbili asubuhi mama alikuwa ameshavaa buibui, amekaa kitini mlangoni kwetu Kikwajuni. Mwiko wake mrefu ulikuwa ukutani, umefungwa kwa kanga kuukuu. Nikamwambia kule wana miiko.

"Wanayo," akasema. "Chukua huo, na ile kawa pia. Tutarudi na cha jirani."