Mbwa mdogo kipimo chake ni kingine

Tangu nimchukue Kashata nimepewa ushauri wa kila aina, na mwingi ni wa mbwa wa ulinzi: mfunge mchana, mfungulie usiku, mpe makombo, muogeshe dawa ya ng'ombe. Kashata ni jike chotara mwenye manyoya ya kahawia, hajatimiza mwaka, na kwenye mzani wa daktari wa mifugo hakufika kilo 5. Waliokuwa naye walihamia Dodoma kwenye nyumba isiyoruhusu mbwa, nami nikampokea hapa Dar, katika nyumba ya kupanga ya vyumba vinne na ua mmoja.

Kabla hajaletwa nilikwenda kwa mama mwenye nyumba. Ni mtu wa swala tano, na kwa wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi huku pwani, mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilimwamkia, nikamweleza nia yangu. Akauliza mambo mawili tu: huyo mbwa atalala wapi, na maji yake yatachotwa na nini. "Mwanangu, mimi simchukii kiumbe wa Mungu," akaniambia, "ila asinikanyagie mkeka wangu." Tukaelewana. Kashata ana ndoo yake, bakuli lake na tambara lake, vyote vyekundu, mtu asije akachanganya. Kwenye bomba la kutawadhia hapiti. Mavi yake nayazoa kwa beleshi kila asubuhi na jioni, natupa chooni. Hilo ningelifanya hata kama wapangaji wote wangekuwa Wakristo kama mimi, maana minyoo ya mbwa huambukiza binadamu kupitia mchanga, na watoto wa hapa wanacheza chini siku nzima.

Sasa mkojo, ambao ndio unaowafanya wengi wakate tamaa na kumrudisha mbwa alikotoka. Kibofu cha mbwa mdogo ni kidogo, na akiwa mgeni hofu inamfanya akojoe mara nyingi zaidi. Hana kiburi, hajui tu pa kwenda. Mwanzoni sikumwachia nyumba nzima. Nilimpa pembe moja ya chumba, na boksi lililotandikwa kanga kuukuu, karibu na kitanda changu ili usiku anisikie napumua. Nikampeleka mahali palepale, nyuma ya mpapai, kila alipoamka, kila alipomaliza kula, kila alipomaliza kucheza, na kabla ya kulala. Utamjua anapotaka: anaacha anachofanya, anainamisha pua sakafuni, anaanza kuzunguka. Hapo usimpigie kelele, mnyanyue utoke naye. Akimaliza nampa kipande cha dagaa mkavu papo hapo. Ukingoja mpaka mrudi ndani, hatajua zawadi ni ya nini.

Akikojoa ndani, usimsugue pua kwenye mkojo. Anachojifunza ni kukuogopa, na kesho atakwenda kukojoa uvunguni usikomwona. Kausha kwa tambara, osha kwa maji na sabuni, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji. Harufu ikibaki, hata ile ambayo wewe huisikii, yeye atairudia. Na siki hiyo usiichanganye kamwe na dawa ya kupausha nguo, inatoa hewa yenye sumu.

Kwenye kupe ndipo udogo wake unaponitia wasiwasi zaidi. Dawa za kuogeshea ng'ombe zinauzwa kila duka la pembejeo, na watu huzikadiria kwa kifuniko cha chupa. Kipimo kikizidi kidogo kinaweza kumuua mbwa wa kilo 5 siku hiyohiyo. Nilimwomba daktari dawa ya matone ya mgongoni iliyopangwa kwa uzito wake, na bado jioni namkagua kwa vidole: ndani ya masikio, kwapani, kati ya vidole vya miguu, chini ya mkia. Nikimpata kupe namshika kwa kibanio cha nyusi karibu kabisa na ngozi, namvuta polepole bila kumpinda, namtumbukiza kwenye spiriti. Mafuta ya taa sitaki kuyasikia, atayalamba. Mbwa akikataa chakula, akawa na homa, fizi zikapauka au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, usisubiri kesho, kwa sababu homa ya kupe inaharibu damu haraka. Kanga zake nazo nazipiga pasi pande zote mbili baada ya kukauka, kwa ajili ya yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake kuingia ngozini.

Geti letu lilikuwa na uwazi chini ambao mbwa mkubwa asingeupita. Yeye alipenyeza kichwa siku ya kwanza, na nje ni njia ya bodaboda. Fundi akachomelea kipande cha nondo. Niliwaomba pia majirani wanaotega sumu ya panya waniambie wanapoiweka, nao wakaihamishia darini. Kitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa hapewi, hata na mgeni mwenye huruma. Mchana wa jua kali hatutembei, kwa kuwa lami inaunguza nyayo zake na joto la ardhini linampiga tumboni.

Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata, na hurudiwa kila mwaka. Watoto wa uani nimewafundisha wasimguse akila au akilala, na kwamba yeyote aking'atwa, na Kashata au na mbwa wa mtaani, wakimbilie bomba: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali, hata kama mkwaruzo ni mdogo. Nakala ya kadi yake ya chanjo iko kwa mama mwenye nyumba, aliyeniomba mwenyewe ili apate cha kuwaonyesha wageni wake wanapouliza.