Beti 102 na daftari moja: kumbukumbu ya mradi wangu wa Mwana Kupona

Januari

Nimeanza. Nimenakili Utendi wa Mwana Kupona kwa mkono wangu, ubeti mmoja kila ukurasa, upande wa kushoto. Nakala ninayoitumia ina beti 102, kila ubeti vipande vinne vya mizani nane nane, na kipande cha mwisho kinarudi kwenye ‑ia tangu mwanzo hadi tamati. Upande wa kulia nimeuacha mtupu. Hapo ndipo kazi yangu ilipo.

Kilichonisukuma ni uchungu. Darasani tuliusoma utendi huu kwa kipindi kimoja: mama anamuusia binti amtii mumewe, haya, andikeni maudhui, fungeni vitabu. Miaka mingi baadaye nikaanza kusoma wanazuoni wa kifeministi wanaochunguza wanawake, jinsia na utamaduni, nikakuta wana swali wanaloliuliza bila kuchoka: nani anasema, anamwambia nani, na nani mwingine yumo humo chumbani ambaye hatumsikii? Nimeliandika swali hilo kwenye jalada la daftari. Nataka kupita nalo ubeti kwa ubeti.

Ninayoyajua kabla ya kuanza: Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyepigana na nguvu za Zanzibar. Anayeusiwa ni binti yake, Mwana Hashima.

Neno la kwanza nililoandika upande wa kulia ni "mjane". Anayefundisha jinsi ya kukaa na mume, siku anapofundisha, hana mume wa kumwomba ruhusa.

Februari

Sijavuka beti za mwanzo, na wala sina haraka. Mama anamwita binti asogee, aketi mbele yake, aje na wino na karatasi. Nimeukalia ubeti huo wiki nzima. Nyumba ya Waswahili wa visiwani, karne ya 19, mama kitandani, binti kashika kalamu. Halafu nikaruka hadi mwishoni nikathibitishe jambo nililokuwa nalikumbuka kwa mbali, nikalikuta: anawageukia wanawake wote na kuwaambia wausome. Wausome! Mtunzi mwanamke, msikilizaji wa kwanza mwanamke, wasomaji anaowataka ni wanawake. Mume, ambaye sehemu kubwa ya wasia ni habari zake, hakualikwa kikaoni.

Wanazuoni wa Kiswahili Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, waliupa kwa Kiingereza jina linalotangaza wajibu wa mke. Hilo ni jina lao, si la mtunzi. Ndani mna dini, adabu ya ulimi, kumsaidia mhitaji anayekuja mlangoni, na dua ndefu kwa ajili ya watoto na ndugu. Nikitazama jinsi tulivyofundishwa, naona tulisoma lile jalada kuliko tulivyosoma beti.

Machi

Kidogo tu mwezi huu. Ubeti wa radhi tano ambazo mtu anazihitaji: ya Mungu, Mtume, baba, mama, mume. Mume ni wa tano. Nimeandika hivyo bila kuongeza neno, kwa sababu mara moja anasisitiza kwamba hiyo ya tano imekaririwa mno. Siwezi kuchukua mpangilio na kuacha msisitizo.

Mei

Kosa langu kubwa, na nusura niliache humu daftarini liwe msingi wa kila kitu. Kuna mahali anasema mume atunzwe kama "kijana" asiyejua kunena. Mimi na Kiswahili changu cha leo nikaona kijana wa miaka 20, nikaandika kurasa mbili nzima kuhusu mume barubaru anayenyimwa usemi. Nikamsomea shangazi wa rafiki yangu, mtu wa Lamu kwa kuzaliwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, kijana hapo ni mtoto. Mtoto mchanga hajaanza kusema."

Kurasa mbili zimefutwa, na ubeti umekuwa mzito maradufu. Usomeni polepole. Mume asiamshwe kwa kelele akilala. Afukizwe udi asubuhi na jioni, ndevu zake zitengenezwe. Na atunzwe kama mtoto ambaye bado hajajua kusema. Mtoto asiyesema, mama ndiye anayejua njaa yake, usingizi wake, kilio chake. Katika picha hiyo, nani mkubwa?

Juni na Julai

Nililewa na ubeti huo. Ann Biersteker, mwanazuoni wa fasihi ya Kiswahili, aliandika mwaka 1991 makala ya kuutazama upya utendi huu kwa jicho la lugha na mamlaka, akionyesha kwamba maneno ya utii yanaweza kubeba kejeli. Nilipoisoma nilihisi mlango umefunguka. Kwa wiki tatu kila ubeti ukawa kwangu ni fumbo la uasi: udi ni fumbo, ndevu ni fumbo, hata salamu ni fumbo.

Aliyenizuia ni mwanaanthropolojia Lila Abu‑Lughod. Katika makala yake ya 1990 kuhusu wanawake wa Kibeduini wa Misri anatuonya, sisi tunaotafuta upinzani, tusiupambe. Kila tunapoona wanawake wanapinga, anasema, tujiulize kwanza upinzani huo unatuonyesha mamlaka yamekaa wapi na yanafanyaje kazi. Baada yake nikamsoma Saba Mahmood, mwanaanthropolojia mwingine, aliyekaa na wanawake wa vikundi vya misikitini Cairo na kuchapisha kitabu chake mwaka 2005. Hoja yake ilinichoma kwa sababu ilinihusu: tumezoea kudhani mwanamke ana uwezo wa kutenda pale tu anapovunja kanuni. Wale aliowaona walikuwa wakijifunza unyenyekevu kwa bidii, kwa mazoezi ya kila siku, kama mtu anayejifunza ufundi. Kujifunza huko nako ni utendaji.

Basi nimerudi kwenye beti za udi nikiwa nimeshika swali tofauti. Mwana Kupona anafundisha ufundi. Anajua saa za kufukiza, anajua sauti ya kuzungumza, anajua wakati wa kunyamaza. Ni elimu iliyokusanywa na wanawake na kupokezanwa kwa wanawake, na inamheshimu mume kwa dhati, na pia inamjua mume kuliko anavyojijua. Sioni tena sababu ya kuchagua moja kati ya hayo. Yule mama wa darasani aliyetii tu hayumo, na yule mwasi wangu wa Juni naye hayumo.

Suala la maneno, kwa kuwa limenisumbua mwezi wote. Kwa mwili nimeamua kuandika "jinsi", na kwa yale ambayo jamii inayajenga juu ya mwili, "jinsia". Najua wapo wanaoyachanganya, ila bila tofauti hiyo daftari lisingesomeka. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, mwanasosholojia, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu Wayoruba wa Nigeria, anadai kwamba jinsia haikuwa nguzo ya kupanga jamii ile kabla ya ukoloni. Umri ndio uliotangulia, na viwakilishi vya lugha havimtengi mume na mke. Nilipofika hapo nilifurahi, nikasema na sisi je? "Anakuja" ni yeyote. "Mdogo wangu" ni yeyote. Kisha nikakumbuka kitenzi kimoja. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Baba anamwoza binti. Kiambishi a‑ hakijali nani, lakini mnyambuliko wa kitenzi unajali sana, na umemweka mwanamke upande wa kutendwa. Kwa hiyo hoja ya Oyěwùmí siwezi kuihamishia kwetu ikiwa nzima. Inanibidi nipite kitenzi kwa kitenzi.

Agosti

Nilidhani nakaribia kumaliza. Nikafika kwenye ubeti niliokuwa nimeupita mara kumi: binti asitangane (asichanganyike) na watumwa ila wakati wa huduma, maana watamvuta kubaya.

Nimeona aibu. Miezi saba nimeuliza nani yumo chumbani na hasemi, nikiwa nimemkodolea macho mume. Nani aliyekoka moto wa chetezo cha udi? Nani aliyeteka maji? Utendi unasema "wanawake", nami nimekuwa nikiitikia "wanawake", na wakati wote kulikuwa na mwanamke wa pili ndani ya nyumba ileile ambaye wasia huu hakuandikiwa, bali ameandikwa ndani yake kama hatari.

Hapo ndipo nilipomwelewa Kimberlé Crenshaw, mwanazuoni wa sheria wa Marekani. Makala yake ya 1989 inaanzia kwenye kesi za Marekani, mojawapo ya wanawake Weusi walioishtaki General Motors. Mahakama ilikubali kuangalia ubaguzi wa rangi, ikakubali kuangalia ubaguzi wa jinsi, ikakataa kuviunganisha. Kampuni iliwahi kuajiri wanawake, lakini Weupe. Iliwahi kuajiri Weusi, lakini wanaume. Mwanamke Mweusi akaanguka katikati. Mfano wake ni wa njia panda: magari yanatoka kila upande, na aliyegongwa hapo katikati hawezi kuambiwa ataje barabara moja. Nimeandika "njia panda" upande wa kulia wa ubeti ule, na chini yake: mwungwana, mtumwa.

Septemba

Nimeanza daftari la pili, kwa sababu katika utendi yule mwanamke wa pili hana ubeti hata mmoja wa kwake. Inabidi nimtafute penginepo. Mwanahistoria Margaret Strobel alichapisha mwaka 1979 historia ya wanawake Waislamu wa Mombasa tangu 1890 hadi 1975, na humo vyama vya ngoma ya lelemama vinachukua nafasi kubwa. Kisha yeye na Sarah Mirza wakatoa masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, 1989 kwa Kiingereza na 1991 kwa Kiswahili chao wenyewe walivyosema. Mmoja ni wa ukoo uliokuwa na watumwa, mwingine ni wa kizazi cha watumwa. Nitasoma cha Kiswahili.

Ukurasa wa kwanza wa daftari jipya nimenakili tena ule ubeti wa watumwa, kushoto. Kulia bado patupu. Jumamosi narudi kwa shangazi, nikamuulize nyimbo za kazi alizozisikia kwa bibi yake, nikizipata nizinakili hapo.